Dirisha la Mpwani

Mimi ni mtu wa Kinangop. Kule kwetu mwezi wa saba jalidi hushuka shambani ikachoma viazi, na watoto huenda shule wakitoa moshi midomoni. Nayataja haya mapema kwa sababu majivuno yangu yote nilipokuwa Uarabuni yalisimama juu yake. Baridi naijua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilifika Riyadh katika ile miaka ambayo mawakala wa Nairobi walikuwa wakisafirisha watu kwa makundi, wanaume kwenda kuendesha magari na kulinda malango, wanawake kwenda kufanya kazi za ndani. Mke wangu alinitangulia kwa miezi minne. Yeye alipelekwa Jeddah, kwenye nyumba moja ya mtaa wa Aziziya. Tulimuuliza wakala kama miji hiyo iko karibu, akatuambia ni kama Nairobi na Thika, mtakuwa mkitembeleana kila Ijumaa. Nilipofika nikaambiwa ni safari ya basi ya kutwa nzima, na kwamba ruhusa ya kusafiri hutoka kwa kafili, yule mwajiri ambaye kibali chako cha kuishi kiko chini ya jina lake. Kafili wangu tulimwita baba. Hakuwa mtu mbaya, ila ruhusa alizitoa kwa shida kama anayeng'olewa jino. Miaka miwili ikapita nikimwona mke wangu kwenye kioo cha simu tu, na watoto wetu, waliokuwa kwa mama yangu, wakituona sisi sote kwenye kioo hichohicho.

Nilikuwa na tumaini moja. Mama yake baba, bibi kizee, aliishi Jeddah, na baba alikuwa akisema kwamba iko siku atampelekea dereva wa kukaa naye kabisa. Dereva wa nyumba ile nilikuwa mimi. Nilikwisha kujiona niko Jeddah nimevaa shati la mikono mifupi, nimeegesha gari nje ya lango la kina mke wangu.

Ndipo akaletwa Mpwani.

Nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza, naye akaniita Mbara, tukaishia hapo. Alikuwa rika langu, mtu wa upande wa Kilifi, Mwislamu, mcheshi, na Kiarabu alichojifunza chuo cha Kurani utotoni kilitosha kumchekesha madam, mke wa baba. Mimi baada ya miaka miwili nilikuwa bado na maneno yangu thelathini ya barabarani: kulia, kushoto, yalla yaani twende, halas yaani basi. Yeye wiki ya kwanza alikuwa akimuuliza baba habari za ngamia wake. Ijumaa waliondoka pamoja kwenda msikitini, mimi nikibaki kuosha gari. Nilimwonea wivu kabla hata sijajua ana nini cha kuonewa wivu.

Tuliishi chumba kimoja pembeni mwa lango, chumba cha zege chenye sakafu ya vigae, mlango wa chuma na dirisha dogo la alumini. Watu wengi hawaamini Riyadh ina baridi. Mwezi wa kwanza upepo hutoka jangwani ukapita katikati ya nguo tatu, na vigae vinakuwa huwezi kuvikanyaga bila soksi. Nyumba zile zilijengwa kupambana na joto, kwa hiyo baridi ikiingia haina anayeifukuza.

Mwanzoni mwa majira hayo baba alikuja mlangoni kwetu na vitu viwili mikononi: hita ndogo ya umeme, na farwa, yale makoti marefu ya manyoya ndani ambayo wenyeji huvaa wakienda jangwani. Mpwani alikuwa amekaa kitandani amevaa sweta mbili na taulo kichwani, meno yanagongana. Baba akaangalia huku na huku, akauliza ni nani mwenye shida zaidi.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasimama nikasema, "Baba, mimi ni wa mlimani. Kwetu kuna barafu shambani. Hii si baridi."

Baba akacheka, akanipiga begani kwa kunisifu, akampa Mpwani vyote viwili.

Nilijifunga kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini niliyemchukia ni yeye. Niliichukia ile hita na kile kimwanga chake chekundu. Mpwani aliiweka katikati ya vitanda vyetu, sawasawa kabisa, na bado niliona imeelekea kwake. Akaniambia, "Mbara, sogea basi, joto latutosha sote." Nikamwambia sina haja nalo. Kesho yake nikawasha jiko.

Mkaa nilikuwa nao. Familia za Riyadh hupenda kwenda kupiga kambi jangwani wakati wa baridi, na kazi ya dereva ni kupanga zulia, kuwasha moto na kuchemsha kahawa. Mwisho wa juma ukiisha, gunia la mkaa hubaki kwenye buti, pamoja na jiko la bati la kuchomea nyama. Nilivichukua. Kwetu jiko ndani ya nyumba si jambo la kuuliza. Unaliwasha nje, moshi ukiisha na mkaa ukawa mwekundu unaliingiza ndani, familia inalizunguka, mnachoma mahindi, mnalala. Mama yangu ametulea sote hivyo. Nilifanya kama alivyonifundisha, hatua kwa hatua, tena kwa madaha, ili Mpwani aone kwamba watu wengine hawahitaji kupewa hita na mtu.

Tukawa na mioto miwili ndani ya chumba kimoja, kama jikoni kwa wake wenza.

Baada ya siku chache Mpwani alianza kulalamika. "Kaka, kichwa chaniuma. Huu mkaa wako una kitu." Nikamjibu kwamba mkaa hauna moshi, na kichwa kinamuuma kwa sababu ya kuimbaimba kwake. Akaanza kufungua dirisha. Hakulifungua sana, kiasi cha kupitisha kiganja. Upepo wa jangwa ukaingia kupitia pale kwenye kiganja ukaja moja kwa moja kitandani kwangu. Nikafunga. Akafungua. Nikafunga tena nikamwambia, "Bana, we umepewa koti la manyoya, sasa unataka mimi nigande?" Akavua ile farwa akanitupia. Nikamrudishia palepale. Alisubiri nisinzie, na kila asubuhi nilikuta dirisha liko wazi kiganja kimoja.

Niliamini anafanya makusudi. Niliamini ananionea wivu kwa moto wangu. Ndivyo nilivyokuwa, mtu aliyejaa wivu mpaka anaugawa kwa wengine.

Kisha baba akatangaza. Anayekwenda Jeddah ni Mpwani.

Sababu alinieleza mwenyewe, polepole, kwa maneno ambayo ningeyaelewa. Bibi kizee alitaka kupelekwa Makka kila anapojisikia, na asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia Makka. Hata gari ningeliendesha vipi, penye kizuizi cha barabarani ningegeuzwa. Hapakuwa na upendeleo wowote, mtoto mdogo angeelewa. Mimi sikutaka kuelewa. Nilimsaidia Mpwani kubeba sanduku lake nikiwa nimenuna hivi kwamba mishipa ya shingo iliniuma.

Alinyoosha mkono. "Kama una kitu cha shemeji, nipe nimpelekee."

Nilikuwa na pakiti mbili za majani ya chai ya nyumbani, nilizozipata Batha, mtaa wa wageni pale Riyadh, kwa Mkenya aliyetoka likizo. Nilitaka kusema sina kitu. Lakini mke wangu alikuwa akiililia chai ile tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo nikampa, na nilipompa nikaona nimempa na njia ya kwenda kwake. Hita na farwa aliviacha juu ya kitanda changu. Nikavisukuma chini ya kitanda chake.

Siku tatu baadaye mke wangu alinipigia simu akiwa na furaha. Chai imefika. Mwenzangu aliileta mpaka langoni, madam wake akaruhusu aipokee, wakasalimiana kidogo, mtu mwenye adabu sana, tena anachekesha.

Mtu huyo alikuwa amesimama kwenye lango ambalo mimi nilikuwa nikiliota kwa miaka miwili. Alikuwa ameiona rangi yake. Alikuwa amesikia sauti ya mke wangu bila simu katikati. Roho iliniuma, na sitasema uongo, nilifikiria mambo ambayo mume mwenye heshima hapaswi kuyafikiria juu ya mkewe.

Tangu siku hiyo nilimkomesha kwa njia yangu. Mpwani aliponitumia picha akiwa ufukweni na aiskrimu mkononi, katikati ya mwezi wa kwanza, sikujibu. Alipopiga simu nikaacha ilie. Alipiga asubuhi, alipiga adhuhuri, mimi nimeigeuza simu kifudifudi kwenye dashibodi. Aliandika, "Mbara, shika simu, nina neno." Nikafuta. Nilijua neno lake: joto la Jeddah, samaki wa Jeddah. Mke wangu naye kila alipoanza kusema, "Baba watoto, yule mwenzako amesema..." nilikata simu hapohapo. Akipiga tena nasema mtandao ni mbaya. Baada ya mara ya tatu au ya nne akaacha kumtaja.

Chumba sasa kilikuwa changu peke yangu, na dirisha lilikuwa langu. Nililifunga, nikalizungushia utepe wa gundi pande zote nne, ule utepe mpana wa kufungia maboksi. Tundu la kiyoyozi nililiziba kwa matambara. Chini ya mlango nikaweka blanketi lililokunjwa. Nikawasha jiko langu, na kwa mara ya kwanza majira yale nikahisi joto mpaka kwenye vidole vya miguu. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Kichwa kilikuwa kikiniuma, ni kweli, na asubuhi miguu ilikuwa mizito, lakini nilisema ni mafua.

Asubuhi ya tukio lenyewe nilipeleka watoto wa baba shule, nikarudi saa moja na nusu mikono imekufa ganzi kwenye usukani. Madam alikuwa na miadi saa nne. Nilikuwa na muda. Niliongeza mkaa nje, nikapuliza ukakolea, nikaingiza jiko, nikarudishia blanketi chini ya mlango, nikajilaza na viatu vyangu. Nakumbuka nikiwaza jinsi Mpwani asivyojua kuwasha jiko. Sikumbuki kingine.

Mengine nilisimuliwa. Madam alipiga simu mara nyingi. Akatoka mwenyewe, abaya yake nyeusi imevaliwa juujuu, akaugonga mlango kwa kiatu chake huku akinitukana kwa uvivu. Kisha akachungulia dirishani, akaona mguu wangu umening'inia kitandani hautikisiki, na matusi yakageuka mayowe. Mlinzi wa nyumba ya jirani, Msudani mmoja mtu mzima, alikuja mbio na jeki ya gari akapasua kioo, akaingiza mkono akafungua komeo la mlango, akanitoa kwa kunivuta kwapani mpaka uani. Wanasema nilikuwa nimetapika na sikuwa najijua. Wanasema madam alinifunika kwa shela yake.

Hospitalini niliamka nikiwa na barakoa ya oksijeni usoni na kichwa kinachopasuka. Daktari alikuwa Mmisri aliyesema Kiingereza cha polepole. Kila mwaka, aliniambia, baridi ikianza wanaletwa watu kama mimi, na si wote wanaoletwa mapema. Mkaa ukishaiva hauna moshi wa kuonekana wala harufu ya kukushtua, lakini una hewa yake mbaya, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea inaingia kwenye damu ikachukua mahali pa hewa nzuri. Unaumwa kichwa, unalegea miguu, unasikia usingizi mtamu, basi. Nikamwambia kwetu tunalala na jiko na hatufi. Akauliza nyumba zetu zimejengwa kwa kitu gani. Nikamwambia mbao na mabati. Akauliza kama zina nyufa.

Nilifikiria nyumba ya mama. Katikati ya mbao zile unaweza kuwahesabu kuku wa jirani bila kutoka nje. Upepo tulioulaani usiku kucha ndio uliokuwa ukituamsha salama asubuhi.

"Na hapa umekuwa ukiwasha tangu lini?" akauliza.

"Mwezi na nusu."

Akashangaa. Akasema haiwezekani, kwa chumba kama hicho ningeumia zamani. Nikamweleza kwamba mwanzoni nilikuwa na mwenzangu ambaye alikuwa na tabia ya kufungua dirisha. Daktari akaandika kitu kwenye karatasi yake. Bila kuniangalia akasema, "Basi huyo ndiye aliyekuwa akikuweka hai."

Ningependa kusema kwamba hapo moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Nililala pale na oksijeni yao nikiwaza kwamba hata katika uhai wangu sasa Mpwani ana fungu lake.

Siku ya nne baba alikuja kunichukua. Ndani ya gari aliniambia nikishapata nguvu nijiandae, nakwenda Jeddah kwa mama yake. Mpwani atarudi Riyadh. Sikuamini, nikamuuliza mara mbili. Akasema halas, mambo yamekwisha, Jeddah hakuna baridi na hakuna mkaa. Nikaelewa kwamba amenihurumia, au kwamba madam hataki maiti langoni kwake. Kwangu ilikuwa sawa. Nilikuwa nimemshinda. Mpwani na Kiarabu chake na aiskrimu yake angerudi kutetemeka, mimi ningekwenda kwa mke wangu. Nilipanda basi Batha nikitabasamu peke yangu, hata jirani yangu wa kiti akahamia nyuma.

Hatukukutana. Nilipofika yeye alikuwa amekwisha kuondoka, chumba amekifagia, na mezani ameniachia karatasi yenye mchoro wa njia ya kutoka nyumba ya bibi kizee mpaka lango la Aziziya. Nikaikunja nikaiweka mfukoni bila shukrani yoyote.

Ijumaa ya pili mke wangu aliruhusiwa saa mbili za kwenda mtaa wa Sharafiya kutuma pesa nyumbani. Nilimsubiri nje ya mkahawa mmoja wa bei nafuu. Alishuka kwenye gari la mwajiri wake akiwa amefunikwa nguo nyeusi mpaka miguuni, na nilimtambua kwa mwendo. Wahudumu wakatupeleka upande wa familia, kwenye kijichumba cha pazia, na pazia lilipofungwa aliufunua uso wake akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa na harufu ya dawa ya kufulia. Tulilia, tukacheka, tukaagiza wali na kuku, hatukula.

Alitaka kujua habari ya mkaa yote. Nikamsimulia, nikaitia chumvi kidogo kwenye sehemu ya Msudani. Mwisho nikamwambia kwamba angalau baba ameona thamani yangu, akaamua kumtoa yule jamaa aniweke mimi.

Akanitazama kama ninasema lugha nyingine.

"Baba yupi aliyeamua? Yule mwenzako ndiye aliyemwomba."

Nikasema labda aliniombea aliposikia nimelazwa.

"Kabla," akasema. "Wiki nzima kabla hujaumwa. Siku aliyoniletea chai aliniona nalia pale langoni. Akaniambia, shemeji, hili si jambo la haki, mimi sina mtu Jeddah. Akaenda akamwomba bosi wenu mbadilishane. Akamwahidi kwamba kila bibi akitaka kwenda Makka, yeye atashuka na basi kutoka Riyadh ampeleke, halafu apande basi arudi. Bosi akakubali, akamwachia yeye akwambie. Ilikuwa mngoje watoto wa bosi wafunge shule tu."

Nilimsikia mhudumu upande wa pili wa pazia akipanga sahani.

"Alitaka kukwambia mwenyewe," mke wangu akaendelea. "Alisema jambo kama hilo haliandikwi kwenye simu. Akakupigia siku nzima, siku mbili, wiki. Na alitaka kukwambia pia ufungue dirisha, hilo dirisha alilitaja kila mara."

Nikamuuliza, kwa ukali ambao hata leo unanitia aibu, kwa nini basi yeye mke wangu alijua yote hayo akaninyamazia.

"Nilikupigia mara nne, baba watoto," akasema. "Kila nikimtaja, ulinikatia."